Naomba ushauri: nyumba ya zamani yenye paa la asbesto, nani anaikagua kabla sijalipa?

Wakuu, habari zenu. Kuna nyumba naitaka hapa Tanga, ya miaka ya 1970. Kuta nene, kiwanja kikubwa, hati haina mgogoro. Dalali ananikimbiza nilipe, kama kawaida yao.

Wasiwasi wangu ni paa. Ni yale mabati ya kijivu ya asbesto, na upande wa jikoni mawili yamepasuka. Najua yakiwa mazima hayana shida sana. Hatari inakuja yakikatwa, yakitobolewa au yakivunjika, vumbi lake likaingia kwenye mapafu. Madhara, ikiwemo saratani, huchukua miaka mingi kujitokeza. Fundi niliyempeleka akasema atayavunja kwa nyundo ayatupe shimoni nyuma ya nyumba, hapo hapo wanapocheza watoto! Nilimshukuru nikaondoka naye.

Umeme nao siuamini. Nyaya ni za zamani, na aliyekuwa mpangaji anasema bomba la bafuni humpiga shoti, kwa hiyo nahisi ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) haipo au imekatika.

Kwenye umeme nitatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) apime ethi kwa kifaa, si kwa tesita tu. Ila kwa asbesto, kuna aliyewahi kuiondoa kihalali? Mlianzia NEMC (baraza la mazingira) au OSHA (wakala wa usalama na afya kazini)? Mlipeleka wapi mabaki, na gharama mlimkata muuzaji kwenye bei au mlibeba wenyewe?