Hifadhi ya maelezo ya pembeni kwenye seva: PostgreSQL au Fuseki?

Mkutubi_Nyegezi: Habari za wakati huu, ndugu zangu. Maktaba yetu ndogo hapa Mwanza imeskani hati za zamani za Kisukuma na Kikerewe, na sasa wasomaji wanataka kuandika maelezo pembeni mwa kurasa kupitia kivinjari. Tumekubaliana kufuata kiwango cha W3C (shirika linaloweka viwango vya wavuti) cha mwaka 2017, ambapo kila maelezo huwa na shabaha, yaani mahali yanapolenga, na kwa kawaida maudhui, nayo huandikwa kwa JSON-LD, namna ya kuandika data iliyounganishwa kwa maandishi ya JSON. Bajeti inapitishwa wiki ijayo. Niweke PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, au Apache Jena Fuseki, seva ya kuhifadhi data iliyounganishwa?

Fundi_Kirumba: Mwalimu, hujatueleza ni watu wangapi watakaoandika kwa wakati mmoja, mashine ina kumbukumbu kiasi gani, wala kama yupo atakayeuliza maswali kwa SPARQL, lugha ya kuiuliza Fuseki. Kama hayupo, Fuseki ni ya nini? Tangu toleo la 9.4, PostgreSQL ina jsonb, aina ya safu ya kuwekea JSON: unahifadhi maelezo kama yalivyoandikwa, unaweka faharasa kwenye anwani ya shabaha, basi.

Bi_Sengerema: Kaka Fundi, kwako kila ugonjwa dawa yake ni PostgreSQL. Maelezo yaleyale ya JSON-LD yanaweza kuandikwa kwa maumbo mbalimbali bila maana kubadilika, kwani shabaha inaweza kuwa anwani tupu, kitu chenye sehemu zake, au orodha. Faharasa yako itaona umbo moja na kuyapita mengine. Fuseki huyavunja yote kuwa sentensi za sehemu tatu (kitu, uhusiano, na kinachohusiana nacho), kwa hiyo umbo halina uzito.

Mzee_wa_Igoma: Naomba niwasimulie yaliyotokea katika ofisi moja niliyoihudumia, ambayo sitaitaja. Waliweka Fuseki juu ya TDB2, hifadhi ambamo Fuseki huweka data yake kwenye diski, na kivinjari kikawa kinahifadhi upya kila baada ya mwandishi kugusa sentensi. Sasa, TDB2 haifuti ya kale papo hapo; kila badiliko huandika vipande vipya na kuacha vya zamani palepale, hivyo faili hunenepa ingawa maelezo hayaongezeki. Dawa yake ni kubana hifadhi, na mwongozo wa Jena unaeleza jambo hilo waziwazi, lakini kubana hutengeneza nakala mpya kwanza, na diski ilikuwa imekwisha kujaa. Tukawa hatuwezi kuandika wala kubana. Ilibidi kuzima huduma, kuhamishia hifadhi kwenye diski nyingine na kubana huko, huku umeme ukikatika katikati ya kazi. Siikatai Fuseki, ila anayeichagua apange zamu ya kubana tangu siku ya kwanza.

Mkutubi_Nyegezi: Shikamoo Mzee, nashukuru. Mashine inayopendekezwa ina kumbukumbu ya GB 4. Waandishi watakuwa walimu wachache. Kuhusu SPARQL, mtafiti mmoja aliulizia, kisha hatukumwona tena.

Fundi_Kirumba: Basi jibu umelitoa mwenyewe.

Mkerewe_Nansio: Mimi naona mnabishania ghala kabla ya kutazama mzigo. Shabaha mtaiwekaje? Mkihesabu herufi tangu mwanzo wa ukurasa, siku mtakaposahihisha makosa ya skani maelezo yote yaliyo mbele yatahama. Mkinukuu maneno yenyewe pamoja na yanayoyatangulia na kuyafuata, mko salama zaidi, ila Kisukuma kimejaa «ng'», na alama ile huandikwa iliyonyooka hapa na iliyopinda pale. Programu inayolinganisha herufi kwa herufi haitaipata «ng'wana» iliyo mbele ya macho yake.

Bi_Sengerema: Hilo la alama ni kweli tupu, na halimsamehe yeyote, awe wa Fuseki au wa PostgreSQL. Sawazisheni maandishi kabla ya kuruhusu maelezo ya kwanza. Pia hakikisheni seva inatoa ETag, yaani alama ya toleo la maelezo, na kukataa badiliko lisiloirejesha kupitia If-Match, kichwa cha ombi kinachotaja alama hiyo, maana bila hivyo walimu wawili watafutiana kazi. Itifaki ya W3C inalieleza jambo hili, lakini hifadhidata peke yake haitawafanyia.

Fundi_Kirumba: Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Dada. Bado GB 4 ni chache kwa Java, ambayo Fuseki huiendeshea, na faharasa ya utafutaji kwa pamoja.

Bi_Sengerema: Walimu wachache, Kaka. Zinatosha.

Mzee_wa_Igoma: Marahaba, Mkutubi. Hujasema nakala rudufu itakaa wapi. Ikiwa ni kwenye mashine hiyohiyo, rudi kwa wanaopitisha bajeti kabla hawajaweka saini.