Mjadala: Japani wafungue mlango kwa mchele wa nje, au mchele wao kweli ni roho ya taifa?

Mzizi wa Hoja
Wakuu salaam. Naomba tulijadili hili maana limenikaa kichwani. Mwaka 2025 kilo 5 za mchele Japani zilipita yen 4,200, karibu mara mbili ya bei ya mwaka mmoja nyuma. Waziri wao wa kilimo, Taku Eto, akasema hadharani kwamba yeye hajawahi kununua mchele, wafuasi wake wanamletea mwingi mpaka angeweza kuuza. Watu wakawaka, Mei ya mwaka huo huo akajiuzulu. Sasa wakati mama wa kawaida anahesabu senti dukani, mchele wa nje ukizidi kiwango walichokubali unatozwa ushuru wa yen 341 kwa kila kilo. Ukiuliza kwanini, unaambiwa mchele kwetu sio bidhaa, ni roho ya taifa, hata Mfalme anapanda na kuvuna kwa mikono yake pale ikulu. Swali langu ni moja tu: hiyo roho ya taifa ni imani ya kweli, au ni kura za wakulima zimevalishwa kanzu? Mimi nasema wafungue.

Pwani Kindakindaki
Wafungue haraka sana, waletewe basmati na wa Thailand wajue wali ni nini. Nishawahi kula kwenye mgahawa wao mmoja hapa Dar, wali umeshikana kama umepakwa gundi. Kwetu ukipika wali punje zisichambuke mama mkwe anakurudisha kwenu ukafundwe upya. Taifa zima linalia kwa sababu ya bokoboko?

Kete
Mzizi swali lako zuri ila umeanzia katikati. Ushuru ni nusu tu ya habari. Kuanzia 1970 mpaka 2018 serikali yao ilikuwa na mpango wa kuwalipa wakulima WASILIME mchele, maana uliopo ulizidi na bei ilikuwa inaporomoka. Mpango ukafutwa kwa jina ila ruzuku za kumhamishia mkulima kwenye mazao mengine zikabaki. Ukishapunguza mashamba miaka karibu 50, joto la kiangazi likaja kuharibu mavuno kama 2023, utapata wapi mchele? Sasa hapo roho ya taifa inaingiaje, mtu anaabudu kitu huku analipwa asikilime?

Dada wa Osaka
Nilikuwa napita tu ila hilo la bokoboko limenichoma na sitalinyamazia.

Kaka Pwani, mimi niko Osaka mwaka wa 11, nimeolewa huku. Ule mchele ni wa punje fupi, asili yake kushikana, na ndio maana unaliwa kwa vijiti, hebu chukua basmati ule kwa vijiti uone utashiba saa ngapi. Hauitwi bokoboko kwa sababu haujakosewa, umepikwa hivyo makusudi, na maji yanapimwa kuliko wewe unavyopima.

Mama mkwe wangu anauosha mara nne mpaka maji yawe meupe. Ukipikika, bakuli la kwanza haliendi mezani, linakwenda kwenye altare ndogo ya nyumbani kwa marehemu mume wake, na sisi wazima tunakula baada ya hapo. Ukiacha punje kwenye bakuli anakwambia kila punje ina miungu saba ndani yake. Siku ya kwanza nilichomeka vijiti vimesimama kwenye wali, nyumba nzima ikanyamaza, kumbe hivyo anawekewa maiti. Agosti 2024 ilipotoka tahadhari ya tetemeko kubwa watu walinunua mchele wakaumaliza, rafu tupu kabisa, na mwaka uliofuata duka letu likabandika karatasi, kila familia mfuko mmoja. Yule mama alisimama mbele ya ile rafu akanishika mkono hakusema kitu. Kwa hiyo usiniambie watu wanalilia bokoboko.

Pwani Kindakindaki
Bibie pole kwa yote ila usije na ukali wa ndoa hapa. Umeolewa huko ni haki yako kuwatetea wakweo, mimi nimesema kuhusu chakula. Wali ni tui, chumvi, moto wa chini na makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Mengine ni kuchemsha nafaka.

Dada wa Osaka
Ndoa yangu umeiingiza wewe na mama mkwe wako anayerudisha watu kwao. Mimi nimezaliwa Tanga, kupalia nimekujua kabla hujajua kushika mwiko. Na kwa taarifa yako wanaugombania ukoko kama sisi, wanauita okoge, mume wangu na mdogo wake mpaka leo watu wazima wanagawana kwa kijiko.

Bi Mkubwa Tena
Jamani "ukoko"? Kwetu ni utandu. Ukoko ni kwenye uji.

Dada wa Osaka
Tanga ni ukoko bi mkubwa.

Bi Mkubwa Tena
Ni utandu mwanangu. Unatanda chini ya sufuria, ndio utandu.

Pwani Kindakindaki
Hapa nasimama na dada, ni ukoko. Na hapa tu.

Mlinda Imani
Mmeacha la msingi mnagombania masufuria. Novemba 2019 Mfalme mpya wa Japani alifanyiwa ibada usiku, inaitwa Daijosai, anatoa mchele mpya kwa miungu kisha na yeye anakula. Na mashamba ya kutoa huo mchele walichaguaje? Walichoma gamba la kobe wakasoma nyufa zake! Ikaangukia Tochigi na Kyoto. Hawa ndio watu wa treni za kasi na maroboti. Huo ni ushirikina wa wazi na mimi kama mtu wa dini siwezi kuuita utamaduni. Nafaka ni rizki, unamshukuru aliyekupa, huishukuru nafaka.

Mwana Majaruba
Shekhe wangu taratibu. Mimi baba yangu alilima Chekereni, Moshi Chini, kwenye skimu iliyojengwa na Wajapani miaka ya 80. Kabla yao watu walikuwa wanamwaga mbegu hovyo, wakaja wale wataalamu, suruali zimekunjwa mpaka magotini, wakaingia wenyewe kwenye majaruba kuonyesha kitalu kinakaaje na kupandikiza kwa kamba, mstari unyooke. Baba alikuwa anasimulia kuna mzee mmoja kati yao, mpunga ukianza kutoa masuke anafika shambani alfajiri, anasimama, anainama kidogo, ndio anaanza kazi. Baba ni mlokole na hajawahi kusema yule mzee ni mshirikina. Alikuwa anasema mtu anayeuheshimu mpunga hivyo hawezi kukuibia kwenye debe.

Mlinda Imani
Heshima na ibada ni vitu viwili ndugu yangu. Ya baba yako nimeipokea, ila gamba la kobe hujalijibu.

Dada wa Osaka
Lijibiwe na wenyewe basi. Mwaka 2018 Akishino, mdogo wake huyo Mfalme, alisema waziwazi kwamba ibada ile ni ya kidini mno na haipaswi kulipiwa na hazina ya serikali. Serikali ikalipa hivyo hivyo. Kwa hiyo msidhani Wajapani wote wanatembea wakisujudia magunia, wanabishana kama sisi hapa. Na shekhe kwa heshima, wewe ukidondosha wali chini unaukanyaga? Bibi yangu alikuwa anaokota punje moja moja anasema kufuru hiyo. Hakuwa anaabudu wali.

Mlinda Imani
Siukanyagi.

Mchimba Historia
Naingia kwa hoja ambayo hamtaipenda pande zote. Hii ya "sisi ni watu wa mchele tangu enzi" inabeba uongo ndani yake. Enzi za makabaila wao utajiri wa bwana ulipimwa kwa koku, koku moja ni kama kilo 150, inakadiriwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Kodi ilikusanywa kwa mchele na mashujaa wa upanga walilipwa kwa mchele. Na aliyeulima? Wakulima wengi walikula shayiri, uwele na mtama, mchele ukienda kwa bwana, wenyewe wanauonja sikukuu. Yaani utakatifu mwingine unatokana na kunyimwa, kitu usichokipata kila siku ndicho unakipa miungu. Sisi pia tunalijua hili, bara wengi tumekua wali ni Krismasi na Idi, na siku hiyo unavaa nguo mpya.

Pwani Kindakindaki
Bara labda. Sisi wali ni kila siku.

Mchimba Historia
Kila siku kwa mchele wa kutoka wapi? Zanzibar ule mchele wa mapembe unatoka Asia kwa meli. Usijisifie sufuria wakati shamba ni la mwenzio.

Pwani Kindakindaki
Sasa wewe unatafuta ugomvi. Huo mchele umekuja pwani kwa majahazi kabla kijiji chenu hakijapata barabara. Angalia lugha yenyewe, Mzungu ana neno moja tu, sisi tuna mpunga, mchele, wali. Mtu hawezi kutoa majina matatu kwa kitu cha sikukuu.

Dada wa Osaka
Na hapo Pwani umepiga penyewe, bila kujua umewatetea wakwe zangu. Na wao wanatenganisha: ine ukiwa shambani, kome ukishakobolewa, gohan ukishaiva. Na hiyo gohan ndio hiyo hiyo "mlo". Chakula cha asubuhi ni asagohan, ni wali wa asubuhi, hata kama umekula mkate na yai.

Mwana Majaruba
Kama kwetu tu, mtu amekula ndizi, viazi na nyama akashiba, ukimuuliza umekula anakwambia hapana, sijaona ugali.

Mzizi wa Hoja
Ndugu zangu, tumetoka ushuru tumefika utandu. Hakuna aliyejibu wafungue au wasifungue.

Kete
Nimejibu mwanzoni ukapitwa. Walishafungua mzee. 1993 kiangazi kilikuwa baridi, mavuno yakaanguka zaidi ya robo, wakaagiza kutoka Thailand, China, Marekani na Australia. Wa Thailand watu hawakuutaka, madukani wakawa wanauchanganya na wa nyumbani ili utoke, wengine wakautupa. Baadaye kwa makubaliano ya biashara ya dunia wakaruhusu kiwango maalum, sasa ni tani kama 770,000 kwa mwaka bila ule ushuru, na mwingi hauingii kwenye sahani zao, unakwenda kwa mifugo, viwandani na misaada ya nje. 2025 bei ilipopanda mpaka wafanyabiashara wakawa wanaingiza wa California wanalipa hizo yen 341 na bado wanapata faida. Basi ushuru haukuwa ukuta kama unavyodhani.

Mzizi wa Hoja
Hapo ndipo panaponiuma sasa. Kuutupa mchele wa Thailand. Kuna watu Asia hiyo hiyo mchele ndio uhai wao, mkulima wa Thailand naye ana mama yake mpunga anayemtolea sadaka, Mae Phosop wanamwita, halafu jirani anautupa kwa kuwa haunati? Kama punje ina miungu saba, punje ya Thailand ina mingapi?

Dada wa Osaka
Hili sina jibu Mzizi. Nilimuuliza mama mkwe kuhusu mwaka ule. Akasema wao hawakutupa, walikaanga na vitunguu na mayai, akaona aibu kwa waliotupa. Ila akasema pia haukuwekwa kwenye altare.

Mlinda Imani
Dada hilo la altare ndio lote nililotaka kusema, ila umelisema vizuri kuliko mimi.

Kete
Na kabla hatujawahukumu, Afrika Mashariki ushuru wa pamoja wa mchele wa nje ni asilimia 75, Kenya huomba unafuu itoze asilimia 35. Mkulima wa Kyela na wa Mwea analindwa vile vile, tofauti sisi hatujamwita mungu.

Mwana Majaruba
Analindwa kwenye karatasi. Baba aliuza gunia kwa bei ya dalali mpaka akaacha, shamba sasa lina nyumba ya wageni. Japani hata waweke ushuru wa yen 1,000, nani anapanda? Wastani wa umri wa mkulima wao mwaka 2024 ulikuwa kama miaka 69, na ulaji umeshuka kutoka kilo 118 kwa mtu mwaka 1962 mpaka karibu 50. Roho ya taifa inalimwa na vikongwe.

Bi Mkubwa Tena
Nimerudi na dada yangu naye anasema utandu.

Dada wa Osaka
Mwana Majaruba umenigusa. Kaka yake mume wangu ana miaka 71, ana majaruba manne huko kijijini, watoto wake wote wako Tokyo hawataki hata kuyaona. Mashine inapandikiza, ila kona haifiki, zile anaingia kwa mkono. Mwaka huu mgongo umemkataa. Jana ameuliza kwa aibu sana kama naweza kuja Juni, nimemwambia nakuja. Sijawahi kupandikiza maisha yangu yote. Hebu niambie, mlikuwa mnaweka miche mingapi shimo moja?

Mwana Majaruba
Miwili au mitatu dada. Usiizamishe sana, shina lifunikwe kidogo tu na tope, na urudi kinyumenyume usikanyage ulichopanda. Vua pete.