Tupeane uzoefu: mashine ya mkono ya kusagia kahawa, ya kubeba safarini na kambini

Mleta mada, Moshi

Wakuu salaam.

Mimi ni mpishi wa safari za Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame zaidi, Lemosho mara mojamoja. Kwetu kahawa ipo kihambani nyuma ya nyumba, nimekua naiona ikianikwa. Kwa hiyo kuna jambo lilikuwa linaniuma kila msimu: mgeni anapita katikati ya mibuni kuelekea getini, halafu akifika kambini anakorogewa kahawa ya kopo. Miaka sita iliyopita nikaamua kupanda na buni zilizokaangwa, nisage palepale.

Mashine ya kwanza niliinunua kwa kuangalia bei tu. Mwili wa plastiki, meno ya kauri, mkono wa kuzungushia unakaa juu ya shafti (kile chuma cha katikati kinachozungusha meno) bila kubanwa na kitu. Nyumbani ilisaga. Tukafika kambi ya Barranco, mita karibu 3,900, jioni, nimevaa glavu, mkono ukachomoka ukaingia katikati ya mawe. Tulimulika tochi kila upenyo, wapi. Nikashika kichwa cha shafti kwa plaizi, nazungusha robo, naachia, nashika tena, robo nyingine. Kahawa ya watu wawili ilinichukua zaidi ya robo saa. Hadi tunafika kambi ya Barafu, pembe za kile kichwa zilikuwa zimelika na plaizi inateleza. Wageni wakamalizia safari kwa chai.

Tangu siku hiyo naangalia vitu ambavyo dukani sikuviangalia. Kwanza shafti. Toa mkono, shika shafti kwa vidole viwili, itikise. Ikicheza, hata kidogo, ujue meno nayo yatacheza wakati wa kusaga, na utapata unga na chenga kwenye kikombe kimoja. Unga unatoa uchungu, chenga hazitoi ladha yake yote, maji yanakuwa machachu. Mashine nzuri shafti yake imeshikwa na beringi juu na chini. Halafu mkono wenyewe: ubane sawasawa kiasi kwamba ukiinua mashine yote kwa mkono ule, haiachii.

Ninayotumia sasa ni Timemore C2, meno ya chuma, gramu 400 na ushee. Mlimani mpagazi hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo hiyo mashine naibeba kwenye begi langu mwenyewe.

Jambo jingine kwa wanaopanda juu: Barranco maji yanachemka kwenye nyuzi kama 87, hayafiki 100. Kahawa ukiisaga kama ulivyozoea nyumbani itatoka nyepesi. Mimi nasaga laini zaidi, napunguza kliki mbili au tatu (zile hatua za kurekebisha meno yasage laini au chenga), na naiacha kwenye maji dakika moja zaidi.

Haya, nawe ulichagua ipi, na imekufikisha wapi?

Mdau, dereva wa lori, Dar hadi Kasumbalesa

Mkuu, umenigusa. Foleni ya Tunduma inaweza kukulaza siku mbili, tatu. Kahawa nanunua Mbozi kabla sijafika mpakani, kwa mama mmoja anayeikaanga kwenye chungu kwa kuni. Jiko langu dogo la gesi lipo, sufuria ipo, nasaga nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya kichwa cha lori.

Mashine yangu ya kwanza nayo ilikuwa ya kauri. Asubuhi moja nazungusha, ikagoma. Nikaongeza nguvu. Nikasikia *krak*, kisha ikaanza kwenda laini kuliko kawaida. Nilipomwaga vyote kwenye kifuniko cha sufuria nikaona kijiwe cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, na pembeni yake kipande cha jino. Buni ikianikwa chini lazima iokote mawe. Mchele tunauchambua kila siku, nikajiuliza kwa nini kahawa naimimina tu.

Sasa buni zote namwaga kwenye sinia kabla sijazitia kwenye mfuko. Na mashine ikigoma, narudisha nyuma nusu mzunguko, nafungua, natazama. Sitii nguvu tena. Nilihamia meno ya chuma kwa sababu hiyohiyo: kijiwe kitayatia kovu, lakini hayapasuki vipande viwili.

Mleta mada

Mkuu, hilo la kijiwe nalipigia mstari. Naongezea punje nyeusi zilizoungua kupita kiasi na zile za kijani ambazo hazikuiva. Ukiwa umeshakaa na sinia, zitoe nazo.

Mdau, Unguja

Wanangu, mie ni mvuvi, na kambi nazijua, maana tukienda dago tunakaa kisiwani wiki mbili hata tatu. Kahawa yetu ni ile chungu ya barazani. Haitaki kliki. Tuna kinu kidogo cha shaba na mchi wake, mmoja anatwanga huku mwengine anapuliza makaa. Inachemshwa kwenye dele, inaachwa itulie, mashapo yanakaa chini, unamimina taratibu kwenye vikombe vidogo. Chenga ikibaki haina neno, ule mchemko wa muda mrefu unaimaliza.

Mwanangu mmoja alinunua hiyo mashine yenye meno ya chuma, akaja nayo dagoni. Ilisaga vizuri, sisemi uongo. Siku ya tisa ilikuwa na wekundu kwenye meno. Hewa ya chumvi, na yeye aliioshea maji ya kisima chenye magadi. Kinu cha shaba nimerithi kwa baba yangu.

Mdau, Maskati

Shikamoo mzee wetu. Umenikumbusha nyumbani kwa bibi.

Nami niongeze la huku. Mwisho wa wiki kipindi cha baridi tunatoka na watoto, mara Jebel Shams, mara kwenye mchanga wa Wahiba. Kahawa ya Kiomani inakaangwa kidogo tu, inabaki na rangi ya udongo, na buni iliyokaangwa kidogo ni ngumu sana kusaga. Mashine yenye mkono mfupi itakuchosha bega. Nilinunua yenye mkono mrefu, nikaona tofauti papo hapo.

Kosa langu lilikuwa iliki. Nilitia iliki na buni pamoja nikasaga, nikafurahia harufu. Kesho yake mume wangu alitaka kahawa nyeusi tupu, na ile harufu ilikuwa bado imo. Nilipiga brashi siku tatu. Iliki ina mafuta, yanashika kwenye meno. Sasa iliki naiponda peke yake kwa kijiko juu ya ubao, naitia kwenye birika.

Na mchanga, jamani. Mchanga wa Wahiba ni laini kama unga. Ukiingia kwenye hesi za kikopo cha chini, ukifunga unasikia inakwaruza, na usipokuwa mwangalifu hesi zinalika. Yangu inakaa ndani ya soksi ya sufu, na soksi ndani ya mfuko wa kufunga. Sijawahi kuifungulia nje upepo ukivuma, naingia garini.

Mdau, Nanyuki

Hamjambo nyote. Mimi hupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, mara nyingi peke yangu ama na rafiki mmoja. Ninabeba Porlex Mini, mwili wake ni wa chuma na meno ni ya kauri. Niliichagua kwa sababu moja tu: inaingia ndani ya AeroPress yangu (kile kifaa cha kuchujia kahawa kwa kuisukuma), zikawa kitu kimoja kwenye mkoba. Inabeba gramu kama 20, hiyo ni vikombe viwili vidogo, kimoja kikubwa.

Mara moja nilienda na watu sita. Saa kumi na moja alfajiri pale kambi ya Shipton's, kwenye mita 4,200, nilisaga mara tano mfululizo nje ya banda. Nilipofika kikombe cha mwisho, kile cha kwanza kilikuwa kimepoa zamani. Kwa hivyo kabla ya kununua hesabu watu kwanza. Mashine ya mtu mmoja haiwezi kuwa mashine ya kikundi.

Kuna jambo lingine. Chuma kitupu kwenye baridi kinauma mkono, na ukivaa glavu kinazunguka ndani ya kiganja badala ya kusaga. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, upana wa vidole vinne, nikakivuta juu ya mwili wa mashine. Haitelezi tena, na mkono wa kusagia ukiutoa unauchomeka kwenye huohuo mpira, haupotei. Mkuu wa Moshi, ungekuwa na hiyo tyubu pale Barranco.

Mleta mada

Kaka wa Nanyuki, kesho naenda kwa fundi baiskeli.

Mzee wa Unguja, shikamoo na asante. Kuhusu kutu, mimi meno ya chuma siyaoshi kwa maji kabisa. Nina brashi ya kupakia rangi, ile ya inchi moja, nimeikata nywele zikawa fupi. Natoa meno, napiga brashi, nafuta kwa kitambaa kikavu. Lakini kwa mtu wa baharini naona kauri ina haki yake, haishiki kutu hata uioshe kila siku.

Mdau, Dodoma

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mambo haya. Kwa nini msisage nyumbani mkabeba unga tu?

Mleta mada

Swali zuri. Nilishajaribu, safari ya siku saba. Unga niliufunga vizuri kwenye mfuko usiopitisha hewa. Siku ya kwanza ulinukia hema zima. Siku ya nne nilifungua mfuko nikalazimika kuinama ndipo nipate harufu. Buni nzima inashikilia harufu ndani yake. Ukishaisaga umeifungua kila upande, hewa inapita nayo. Kwa safari ya usiku mmoja beba unga, hutajuta. Kuanzia siku tatu kwenda mbele, mimi nabeba buni.

Mdau, Dodoma

Nimeelewa. Mimi ni mwanafunzi, tunaenda kambi ya mafunzo wiki mbili, nakunywa peke yangu, na hela ya zile za chuma sina. Nifanyeje?

Mdau, dereva wa lori

Mdogo wangu, chukua ya kauri, ndogo. Tikisa shafti kabla hujalipa, kama alivyosema mkuu hapo juu. Ikicheza, rudisha rafuni ujaribu nyingine; hata za aina moja hazilingani. Buni chambua nyumbani, usisubiri ukiwa kambini usiku. Kisha toboa tundu kwenye ncha ya mkono kama halipo, pitisha kamba ya kiatu, ufunge kwenye mwili wa mashine. Kamba iwe ndefu kiasi cha kukuruhusu kuzungusha, na ipite juu ya mkono, isijiviringe kwenye shafti. Yangu ya akiba, ya kauri, imekaa na kamba ya hivyo miaka minne, na mkono wake ni uleule niliotoka nao dukani.