Naomba ushauri: mama analishwa kwa mpira wa puani

Habari zenu wakuu. Mama yangu alipata kiharusi, kumeza bado kunamshinda, hata maji yanampalia. Ameruhusiwa kurudi nyumbani na mpira wa puani unaopeleka chakula tumboni. Tunamwinua kichwa nyuzi 30 hadi 45 na kumwacha hivyo baada ya kula, na tunapitisha maji kwa bomba la sindano kabla na baada ya mlo. Shida ni uji wa lishe, hata ukichujwa unaganda mrijani. Halafu jana alama ya kalamu iliyo kwenye mpira, usawa wa pua, ilisogea nje. Tulisitisha chakula mpaka nesi akauhakikisha, maana ukiingia njia ya hewa ni hatari kubwa. Mliouguza mgonjwa wa hivi, mnampa nini chenye protini kinachopita vizuri? Na vidonge gani havifai kusagwa?