Kozi ya fuvu kwa vichanga wenye udata: nisome au niachane nayo?

mkono_mwepesi
Wakuu habari za humu. Mie ni tabibu wa kairopraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, wagonjwa wangu ni watu wazima, viuno na shingo basi, ila siku hizi naletewa vichanga kila mara. Mama anaingia amechoka, macho mekundu, anasema mtoto hashiki ziwa, akishika linamtoka, ananyonya saa nzima na bado analia njaa, na wengi washaambiwa mtoto ana udata, kile kingozi cha chini ya ulimi kimeshika sana, au washakata na hamna kilichobadilika. Sasa nimeona kozi ya fuvu kwa watoto wachanga, ni wikiendi kadhaa, wanafundisha kugusa kisogo, taya, kaakaa na shingo kwa mguso mwepesi mno. Wanasema kichwa kikibanwa wakati wa kuzaliwa mfupa wa kisogo unaukaba mshipa wa fahamu unaoendesha ulimi, ukiuachia mtoto ananyonya. Kwa anatomia inaingia akilini maana ule mshipa wa ulimi, wa 12 kati ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, kweli unapita kwenye tundu la mfupa wa kisogo, lakini siwezi kumshika mtoto wa mtu wa wiki tatu kisa maelezo yameniingia akilini. Nyie mnaokaa na vichanga, hii kozi itanifanya nimsaidie mtoto kweli? Na ni kabla ya kukata au baada?

bi_nyonyesha
Mimi kazi yangu ni ushauri wa kunyonyesha. Ukitaka kujua hiyo kozi ina maana waulize kitu kimoja, je watakukalisha umtazame mtoto akinyonya mwanzo mpaka mwisho? Maana naona wengi wanamlaza mtoto kitandani wanampima kichwa, wanamtia kidole mdomoni, wanatoa majibu, na ziwa halijatolewa hata dakika moja! Shida iko kwenye kunyonya, sa utaionaje bila kuona kunyonya? Tazama kidevu kimegusa ziwa au kiko mbali, mdomo umefunguka au kachukua ncha tu, mashavu yanabonyea, unasikia anameza au unasikia ulimi unaachia tk tk tk. Afu subiri aachie uangalie chuchu ilivyotoka, ikiwa imechongoka upande mmoja kama lipstiki mpya na ncha imekuwa nyeupe, hapo mtoto anabana, havuti. Mara nyingi ukimgeuza tu tumbo lake likaelekea tumbo la mama, pua ikatazamana na chuchu, kidevu kikaanza kufika, mambo yanabadilika hapo hapo ukiwa umekaa. Na sio kila kingozi kifupi ni ugonjwa, ripoti ya chama cha madaktari wa watoto wa Marekani ya 2024 inasema chini ya nusu ya watoto wenye dalili za udata ndo wanapata shida ya kunyonya.

nesi_wa_watoto
Mkuu nakujibu bila kuzunguka. Haya mambo ya fuvu yalianzia kwa William Sutherland, tabibu wa osteopathi (nayo ni tiba ya mikono kwenye mifupa na misuli) wa Marekani, miaka ya 1930 ndo akayatangaza, yeye aliamini mifupa ya fuvu inacheza kwa mdundo wake na mkono uliozoea unausikia. Shida ni kwamba matabibu wawili wakipewa mtu yule yule wapime huo mdundo majibu hayalingani. Fuvu la kichanga ni laini kweli, utosi uko wazi, ila hiyo haithibitishi kwamba ukigusa kisogo mshipa wa ulimi unafunguka, ushahidi wa hilo hamna. Hata kukata kwenyewe ushahidi ni mwembamba: mapitio ya 2017 ya Cochrane, wale watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 5, watoto 302 tu, wakaona maumivu ya chuchu ya mama yanapungua kwa muda mfupi, upande wa mtoto kunyonya vizuri zaidi majibu yakapishana. Kingine, kunyoosha uti wa mgongo wa kichanga usithubutu. Australia bodi ya kairopraktiki yenyewe ilizuia 2019 kwa walio chini ya miaka 2, ikalegeza 2023, mawaziri wa afya wakaja juu, 2024 katazo likarudi.

Kinachoniumiza zaidi ni uzito. Kichanga anapungua siku za kwanza, kawaida haizidi asilimia 10, kufika wiki mbili awe amerudi alipoanzia, baada ya hapo gramu 20 mpaka 30 kwa siku. Kama hauna mizani ofisini usianze kabisa. Na anayetoka jasho akinyonya, midomo inakuwa bluu, amelegea, amekuwa manjano au ana homa, huyo anaenda hospitali siku hiyo hiyo, inawezekana ni moyo au maambukizi na we umekaa unatafuta mdundo.

mama_wa_wawili
Nasema kama mzazi. Wa pili wangu alikua na udata, tulienda kwa mtu mwenye cheti hicho hicho, mpole, mtoto alikua analala mikononi mwake nami nikapata moyo, tukaambiwa njooni tena, njooni tena, kila safari "anafunguka". Hakuna aliyempima! Mkunga ndo aliyemuona akashtuka, mtoto alikua chini ya uzito wa kuzaliwa. Tabibu alikua na roho nzuri na simchukii, ila mama aliyekata tamaa anaamini chochote, kwahiyo wewe ndo unatakiwa uwe na breki.

kaka_mgongo
Niliisoma kozi ya aina hiyo. Nilichopata cha maana ni mkono kutulia, na kuiona shingo: mtoto anayegeukia upande mmoja tu, kisogo kimebapa upande huo, ziwa moja analikataa kila siku. Hapo kumpa mama namna ya kumbeba na kumlaza kifudifudi akiwa macho, na mguso mwepesi wa msuli, nimeona watoto wakianza kushika pande zote mbili. Siwezi kuapa ni mikono yangu, vichanga wengi wanakua na kutulia wenyewe, lakini siwezi pia kukubali kwamba hamna kazi yetu kabisa. Ila ile habari ya mifupa ya fuvu kurudishwa mahali pake niliiacha darasani. Na siuzi vifurushi vya vipindi kumi, nauliza uzito kila mara, usipopanda namrudisha kwa daktari.

mkono_mwepesi
Asanteni sana aisee. Mizani nanunua kabla ya kozi. Bi nyonyesha hujanijibu lile la kabla au baada ya kukata?

bi_nyonyesha
Kabla ya vyote mama atazamwe akinyonyesha na arekebishiwe ushikaji. Chuchu ikiendelea kuchanika au uzito usipopanda, na ulimi kweli haunyanyuki, daktari aamue kukata, na usimcheleweshe mama kwa kumwambia tujaribu fuvu kwanza mwezi mmoja. Baada ya kukata arudi tena kwa mshauri, mtoto anahitaji kujifunza upya. Na huku mnahangaika mtoto ale: mama akamue, mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, maana ziwa lisipotolewa maziwa yanapungua, na hiyo kurudisha ni kazi kuliko udata wenyewe.