Naomba ushauri: wasimamizi wa wanafunzi wa fildi wafundishwe nini hasa?

Mratibu wa Fildi:
Habari zenu wakuu. Naratibu fildi ya wanafunzi wa afya ya jamii, na nimepewa siku mbili za kuwanoa wasimamizi watakaowapokea vituoni. Mara ya mwisho siku nzima iliishia kwenye slaidi: fomu za tathmini, kanuni, ratiba. Watu wakasaini mahudhurio, wakaondoka.

Wiki ya tatu nikapita kukagua madaftari. Mwanafunzi mmoja kaandika "nimeshiriki shughuli za kituo" siku 11 mfululizo, na chini ya kila siku ipo sahihi ya msimamizi, kwa kalamu ileile. Kituo kingine, binti kakabidhiwa karatasi ya joto la friji ya chanjo: asubuhi 5, jioni 5, wiki nzima, hadi Jumapili ambayo kituo kilifungwa. Iliniuma, maana binti yule ana akili nzuri tu. Hakuna aliyemweleza namba ile ni ya nini. Safari hii nifanyeje?

Mlezi wa Zamani:
Mkuu, achana na slaidi. Chukua madaftari hayohayo, ficha majina, wasimamizi wakae wawiliwawili: mmoja awe mwanafunzi, mwenzake ampe mrejesho. Utaona wengi wanafoka au wanasifia tu.

Kuna njia ya hatua tano waliyoandikiwa walimu wa madaktari mwaka 1992. Naitumia hadi leo kwa sababu haili muda. Mwache kwanza aseme yeye anavyoliona jambo. Muulize ameegemea nini. Mfundishe kanuni moja tu. Mwambie alichopatia, kisha alipokosea. Kwa friji yako, anza na "hii 5 uliisoma saa ngapi?" Ndipo umweleze kwamba chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwamba zipo ambazo zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka.

Mwanagenzi:
Mimi nimemaliza fildi juzi tu. Nilipima mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto kwa utepe, nikasoma sentimita 11.8. Msimamizi hakusema nimekosea. Alisema, "Pima tena, nikuangalie." Kumbe nilikuwa nimelegeza utepe, ikawa 11.4. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, mtoto anatakiwa aanze matibabu. Nilitetemeka.

Kazi Nyingi:
Naomba nitofautiane kidogo. Wengi wetu kufundisha tunajua, muda ndio hatuna. Msimamizi akitoka semina anakuta foleni ileile na ripoti za mwezi, mwanafunzi anageuka mtu wa kutoa fotokopi. Andikianeni na mkuu wa kituo: saa moja kila wiki, msimamizi na mwanafunzi wake, bila kuitwaitwa. Na mtu mmoja asipewe wanafunzi sita!

Mratibu wa Fildi:
Nashukuru sana. Wakuu wa vituo sikuwawaza kabisa. Nitawaita asubuhi ya siku ya kwanza. Ila nikiitumia ile karatasi ya friji, msimamizi wake si atajitambua mbele ya wenzake?

Mlezi wa Zamani:
Atajitambua. Mpigie kabla, umwombe ruhusa, na umwambie wazi kwamba semina ile ya kwanza haikumfundisha jambo hilo.