Kishikwambi kipi kinafaa kwa hesabu za biashara na masomo ya mtoto?

MamaDagaa_Kibirizi

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na vishikwambi. Nauza dagaa na migebuka kwa jumla hapa Kibirizi, Kigoma, na wateja wangu wengi wako Tabora na Shinyanga, kwa hiyo oda, picha za mzigo na uthibitisho wa malipo hupita WhatsApp karibu kutwa nzima. Hesabu naziandika kwenye jedwali la Google Sheets, ambalo mdogo wangu aliyeko Tabora hulifungua na kujaza mzigo aliopokea. Jioni kifaa hicho kitakuwa cha binti yangu wa kidato cha pili, anayesoma vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania pamoja na mitihani ya nyuma ya Baraza la Mitihani, vyote vikiwa faili za PDF. Kwa sasa anavisoma kwenye simu yangu, na kila mstari inambidi avute ukurasa kushoto na kulia.

Bajeti yangu ni laki tano, na nikijikamua naweza kufika laki sita. Nimeoneshwa Samsung Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7, Galaxy Tab A9+ ya inchi 11, iPad ya kizazi cha tisa iliyokwisha kutumika, na kishikwambi cha jina nisilolifahamu ambacho boksi lake limeandikwa RAM 12 GB na nafasi ya kuhifadhi 512 GB, kikiwa na kava, kibodi na spika za bure, tena kwa bei ya chini kuliko vyote. Nyumbani hatuna Wi-Fi. Tunatumia bando la simu. Je, mngekuwa ninyi mngechukua kipi?

FundiMwanga

Mama, nianze na hicho cha zawadi nyingi, kwa sababu ndicho kinacholetwa mezani kwangu mara kwa mara. Ile 12 GB ya RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, mara nyingi ni hesabu ya kujumlisha: RAM halisi inaweza kuwa 4 GB, na 8 zilizobaki ni nafasi iliyoazimwa kutoka kwenye hifadhi ya kifaa, ambayo kasi yake hailingani kabisa na ya RAM ya kweli. Hiyo ndiyo hali ya afadhali. Vingine programu yake imechezewa ili ukurasa wa mipangilio uoneshe tarakimu zilezile za kwenye boksi, huku ndani kukiwa na GB chache sana. Ukinakili faili nyingi kupita uwezo wake halisi, majina ya faili yataonekana yote, lakini ukizifungua baadhi hazifunguki. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo lifanyike dukani ameshakujibu.

Kuhusu Samsung, usitazame jina peke yake, tazama namba ya modeli. Tab A9 yenye namba SM-X110 ni ya Wi-Fi tu, na SM-X115 inaingia laini. Tab A9+ yenye namba SM-X210 ni ya Wi-Fi, na SM-X216 inaingia laini na ina 5G, ila huuzwa ghali zaidi. Kwa nje zinafanana mno, na nimewahi kuletewa ya Wi-Fi na mteja akitaka nimtafutie tundu la laini ambalo halijawahi kuwepo. Kwa kifaa chochote cha laini, bonyeza *#06# upate namba za IMEI, yaani za utambulisho wa kifaa, kisha itume namba mojawapo kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone kama jina na modeli vitakavyorudi vinalingana na ulichoshika mkononi.

Mimi kwa biashara yako ningechukua SM-X115. Ina sehemu ya kupigia simu kama simu ya kawaida, hivyo hata menyu ya M-Pesa ya *150*00# unaipata, na betri yake ya mAh 5,100 inahudumia kioo kidogo. Ina gramu 330 na ushee, unaishika kwa mkono mmoja ukiwa unahesabu magunia.

Mwalimu_Kasulu

Fundi amesema kweli kuhusu namba za modeli, lakini kwa upande wa mtoto sikubaliani naye. Vitabu na mitihani hiyo imepangwa kwa karatasi ya A4, ambayo upana wake ni sentimita 21. Kioo cha inchi 8.7 kikisimamishwa wima kina upana wa sentimita 11 na kidogo tu, kwa hiyo ukurasa mzima unasinyaa hadi karibu nusu, na herufi zinakuwa ndogo kama za maelezo ya kwenye pakiti ya dawa. Hapo binti atarudi kulekule kuvuta ukurasa kushoto na kulia. Tab A9+ ina upana unaokaribia sentimita 15, sawa na karatasi ya A5, na herufi zinasomeka bila kukuzwa. Tena kioo chake ni cha nukta 1920 kwa 1200, wakati cha mdogo wake ni 1340 kwa 800, na tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye michoro ya biolojia na vipeo vya hisabati.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni umbo la kioo. iPad ya kizazi cha tisa ina inchi 10.2, na mtu anaweza kudhani imezidiwa na ile ya inchi 11, lakini kwa kuwa ni pana na fupi, ukurasa wa A4 unatokea kwa ukubwa uleule karibu sawasawa. Samsung inapata ziada ukitazama video. Kwa kusoma, zimelingana.

Vile vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vimenifundisha pia kuangalia chaji kabla ya mengine. Kama umeme wako ni wa uhakika, hili liruke. Kama mnategemea sola ndogo yenye tundu la USB linalotoa wati 5, betri ya mAh 7,040 ya A9+ ni kama wati-saa 27, hivyo, ukihesabu na umeme unaopotea njiani, itahitaji zaidi ya saa sita za jua zuri, na kwa masika huku kwetu jua la namna hiyo si la kuahidiana.

Mjukuu_wa_Ujiji

Naona iPad imepitwa haraka. Natumia ya kizazi hicho hicho cha tisa, iliyotoka mwaka 2021, na bado inapokea masasisho ya mfumo, hadi iPadOS 26. Ni vishikwambi vichache vya Android vya umri huo vinavyoweza kusema hivyo. Tangu Mei 2025 WhatsApp nayo ina programu yake ya iPad, ingawa inaunganishwa na akaunti iliyo kwenye simu.

Hata hivyo, kwa Mama nina mashaka mawili. Kwanza haina tundu la memori kadi, na ya 64 GB itajaa picha za mizigo mapema. Pili ni uhalali wa kilichotumika: hakikisha nyuma imeandikwa A2602, au A2603 au A2604 kwa yenye laini, kwa sababu ukikuta A1822 hiyo ni ya mwaka 2017 na mfumo wake uliishia iPadOS 16. Kisha mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na kuiwasha upya. Ikidai akaunti ya mwenye mali wa kwanza, au ikitoa ujumbe kwamba inasimamiwa na shule au kampuni fulani ng'ambo, irudishe mezani hapohapo. Na hata ile yenye laini haipigi simu za kawaida, kwa hiyo *150*00# sahau.

MamaDagaa_Kibirizi

Nawashukuru sana. Malipo nitaendelea kuyapokea kwa simu, maana laini ya biashara siwezi kuihamishia kwenye kifaa ambacho jioni kinashikwa na mtoto. Kwa hiyo naelekea kwenye A9+ ya Wi-Fi nikiirushia intaneti kutoka kwenye simu. WhatsApp itaonekana kote kuwili? Na mchana simu ikiondoka nami ufukweni?

FundiMwanga

Kwa maelezo hayo, mama, nakubaliana na mwalimu: chukua SM-X210. WhatsApp inaruhusu vifaa vinne kuunganishwa na simu moja, na kishikwambi kitaendelea kupokea ujumbe kikiwa na intaneti hata simu ikizimwa, mradi uifungue WhatsApp ya simu angalau mara moja ndani ya siku 14. Simu ikiwa mbali na kishikwambi, jedwali linaweza kujazwa bila mtandao iwapo utawasha ruhusa hiyo mapema ndani ya Google Sheets, kisha litajisawazisha jioni. Kurusha intaneti kunamaliza betri ya simu haraka, hivyo iache kwenye chaji binti anaposoma, au apakue vitabu vyote kwa mara moja kwenye memori kadi na asihitaji bando kabisa. Ikiwa zipo za 4 GB na 8 GB za RAM, na fedha inafika, chukua ya 8.

MamaDagaa_Kibirizi

Ya 8 GB ipo, inazidi bajeti kwa elfu arobaini. Nasubiri boti za kesho.